Belém baada ya COP30: barabara imefika, choo bado hakijaunganishwa

Tangu wajumbe wa COP30, mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, wafungashe virago Belém, Brazil, mwezi Novemba 2025, ubishi kuhusu mji huo umekwama palepale. Wapo wanaosema mji ulipakwa poda kwa ajili ya wageni, na ushahidi wao mkubwa ni Avenida Liberdade, barabara ya njia nne yenye urefu wa kilomita 13 hivi iliyopitishwa kwenye eneo la hifadhi pembezoni mwa mji. Wapo wanaojibu kwamba Belém haijawahi kupata fedha nyingi namna hiyo kwa muda mfupi, nao wanaonyesha Parque da Cidade, bustani kubwa iliyojengwa juu ya kiwanja cha zamani cha ndege, soko la Ver-o-Peso lililokarabatiwa, kingo za mifereji zilizojengwa upya na njia ya mabasi yaendayo haraka inayoelekea Marituba. Pande zote mbili zinahesabu kinachoonekana kwa macho, na kwa maoni yangu kipimo hicho ndicho kilichoiangusha Belém tangu enzi za biashara ya mpira wa miti. Mji huu utapona au utaendelea kuugua kwa sababu ya mita kumi au ishirini za bomba kati ya choo cha mtu na chemba ya barabarani, na kwa sababu ya malango ya chuma yaliyoko kwenye midomo ya mifereji. Mita hizo hazina mwenyewe. Mradi unaishia barabarani, mwenye nyumba anaanzia mlangoni, na hapo katikati hakuna anayewajibika.

Wasomaji wengi wa Kiswahili walilisikia jina la Belém kwa mara ya kwanza kwenye habari za bei za hoteli, kwa hiyo inafaa kueleza ni mji gani. Ni makao makuu ya jimbo la Pará, kaskazini mwa Brazil, ulioanzishwa na Wareno mwaka 1616 mahali mto Guamá unapoingia ghuba ya Guajará. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wapatao milioni 1.3 ndani ya manispaa, pungufu ya watu 90,000 hivi kuliko sensa ya 2010. Mji wenyewe haukupungua. Watu walisogea pembeni, kuelekea Ananindeua, Marituba na vitongoji vilivyo kando ya barabara kuu ya BR-316, na ndiyo maana foleni ya asubuhi pale Entroncamento, makutano ya kuingilia mjini, imekuwa ndefu wakati hesabu ya wakazi wa katikati inashuka. Sensa hiyohiyo ilionyesha kwamba asilimia 57 ya wakazi wa Belém wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa, kiwango cha juu kuliko mji mkuu wa jimbo lolote lingine la Brazil. Wengi wao wako mabondeni: Guamá, Terra Firme, Jurunas, Condor, Sacramenta, Barreiro. Kwa hiyo mtu akizungumzia mabondeni ya Belém kama kero ya pembezoni, amekosea hesabu. Anazungumzia nusu ya mji na zaidi.

Mabondeni hayo yana tabia yake, na asiyeielewa hawezi kupima mradi wowote wa Belém. Mvua ya mwaka ni takriban milimita 3,000, karibu mara tatu ya ile ya Dar es Salaam, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Desemba na Mei. Bahari iko mbali kidogo, lakini maji ya ghuba hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama pwani yoyote, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu. Bamvua kali zaidi huja mwezi Machi, ambao pia ni miongoni mwa miezi yenye mvua nyingi kuliko yote. Ardhi ya mabondeni haifiki mita nne hivi juu ya usawa wa bahari. Maji yakiwa yamepwa, mfereji wa Tucunduba au wa Una unatiririka kuelekea mtoni bila shida. Maji yakijaa, mto unataka kuingia mjini kupitia mfereji huohuo, na hapo ndipo lango hufungwa. Mvua ikinyesha lango likiwa limefungwa, maji ya mtaani hayana pa kwenda kwa saa kadhaa. Lazima yapate bwawa la kuyashikilia au pampu ya kuyatupa nje. Yakikosa vyote viwili, yanaingia sebuleni.

Lango lenyewe si chombo cha ajabu. Ni bamba la chuma linalopanda na kushuka kwenye reli mbili, au mlango wenye bawaba juu unaojifunga wenyewe mto unapousukuma. Kinachoharibika kinajulikana na kila fundi. Mlango wa kujifunga hauzibi vizuri godoro au gogo likinasa kwenye kizingiti, na mwanya wa kiganja kimoja unatosha kuingiza maji usiku kucha. Reli hushikwa na kutu, na mipira ya kuzibia huchakaa. Maji ya Guajará ni mazito kwa tope, na kila yanapotulia tope hilo hukaa chini, hivyo mfereji uliochimbwa kina cha mita mbili leo hautakuwa na kina hicho baada ya misimu michache. Mfereji unahitaji mashine ya kuzoa tope kwa ratiba, lori la kulibeba na mahali pa kulimwaga. Hiyo ni bajeti ya kila mwaka isiyozinduliwa na mtu yeyote kwa kukata utepe, na ndiyo ya kwanza kukatwa.

Historia ya Belém ni ya miradi iliyomaliza kazi kubwa ikaacha hiyo ndogo. Wakati wa biashara ya mpira, chini ya meya Antônio Lemos kati ya 1897 na 1911, katikati ya mji palipata barabara pana, miembe ya kivuli na masoko ya chuma, huku mabondeni yakiachwa kuwa malisho na vinamasi. Mpira wa Asia ulipoangusha bei karibu na 1912, hata mipango iliyokuwa mezani ilikufa. Miaka ya 1940 tuta la udongo lilijengwa kando ya Guamá, katika eneo linaloitwa Estrada Nova, kwa ajili ya kupambana na malaria. Nyuma ya tuta ardhi ikakauka kidogo, na watu waliotoka vijijini na visiwani wakaijaza. Kisha ukaja mradi mkubwa wa bonde la Una, uliotekelezwa kuanzia miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika. Mifereji ilinyooshwa na kusakafiwa, malango yakajengwa, maelfu ya familia wakahamishwa. Kwa miaka michache ya mwanzo mafuriko yalipungua kweli, na hilo lisemwe wazi. Baadaye matengenezo yakalegea, tope likarudi, malango yakaacha kufunga, na wakazi wakajikuta mahakamani wakidai kilekile walichokwisha kujengewa. Bonde la Estrada Nova nalo limekuwa na mradi wake kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Anayesema Belém haikuwahi kupata fedha hajaisoma historia hii, na anayesema fedha za COP ndizo mwanzo mpya naye vilevile.

Majitaka ya vyooni ni sura nyingine ya tatizo hilohilo, na hapa takwimu zinatisha zaidi. Takwimu rasmi za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba chini ya asilimia 20 ya wakazi wa Belém walikuwa na huduma ya kukusanya majitaka, na kiasi kinachosafishwa kabla ya kutupwa hakikufika asilimia 5. Waliobaki wana shimo au karo nyuma ya nyumba, na karo hilo linafurika kwenye mtaro wa mvua, mtaro unaingia mfereji, mfereji unaingia ghuba. Kwenye ardhi ambayo ukichimba nusu mita unakutana na maji, karo halinyonywi na udongo. Linajaa kwa maji ya ardhini hata nyumba ikiwa haina watu. Kuita gari la kunyonya ni gharama, na mara nyingi gari halifiki kwa sababu kichochoro kina upana wa mita moja na nusu.

Tuchukue nyumba moja ya kawaida ya Terra Firme tuone kwa nini bomba kubwa la barabarani halimalizi kazi. Familia ilianza na nyumba ya mbao juu ya nguzo. Miaka ikapita wakajaza chini yake kidogokidogo: kifusi, maranda ya mbao, mbegu za açaí (tunda dogo la mnazi wa Amazon) zinazotupwa kwa magunia, kisha wakamwaga zege. Halafu manispaa ikaja kuweka lami, na ili barabara isizame ikainuliwa. Sasa sakafu ya nyumba iko sentimita 40 chini ya barabara. Choo kiko nyuma, mita 15 kutoka ukingo wa barabara. Bomba la inchi nne linaanza chini ya sakafu likiwa limefunikwa sentimita 30, na lenyewe lina kipenyo cha sentimita 10, kwa hiyo tumbo la bomba liko sentimita 40 chini ya sakafu. Likipewa mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, litafika barabarani likiwa sentimita 55 chini ya sakafu, yaani sentimita 95 chini ya lami. Chemba ya mkandarasi ikiwa na kina cha sentimita 80, nyumba hiyo haiwezi kuunganishwa, hata bomba la kisasa kabisa likipita mbele ya mlango. Na hata kina kikitosha, pampu ya mtaa ikizimika kwa saa mbili, majitaka ya majirani walio juu yatatafuta tundu la chini kuliko yote, ambalo ni choo cha nyumba hii. Kinga yake ni valvu inayozuia maji kurudi, yenye mlango mdogo ndani unaohitaji kufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara, kwa sababu nywele na mafuta ya kupikia hutosha kuuzuia usifunge.

Wahandisi wanaotetea ugumu wa Belém wako sahihi kwa sehemu kubwa. Mtandao wa kawaida wa mabomba ya majitaka unategemea mteremko, na bonde halina mteremko. Bomba la milimita 150 likiteremka nusu sentimita kwa kila mita, baada ya nusu kilomita limeshuka mita mbili na nusu. Kuchimba kina hicho kwenye tope maana yake ni kuweka mbao au mabamba ya chuma kuzuia kingo zisiporomoke, pampu za kukausha mtaro usiku na mchana, na mchanga wa kulalia bomba ili lisizame upande mmoja na kufungua viungio. Kiungio kikifunguka, maji ya ardhini huingia, na pampu iliyopangiwa majitaka ya mtaa mmoja inajikuta ikisukuma mto. Kwa hiyo huwekwa kituo cha pampu kila baada ya umbali mfupi, na kila kituo kinahitaji umeme, jenereta ya akiba, wavu wa kuzuia matambara na mtu wa kuusafisha. Hayo yote ni kweli, lakini ni hoja ya gharama na ufundi. Haithibitishi kwamba haiwezekani, na wala haielezi kwa nini mabomba yapite kwanza kwenye barabara za maghorofa.

Kuhusu hilo la mwisho, Vila da Barca imekuwa kioo cha mwaka mzima. Ni mtaa wa nyumba za nguzo kando ya ghuba, jirani kabisa na Avenida Visconde de Souza Franco, ambayo wenyeji huiita Doca, barabara ya maghorofa ghali kuliko mengi mjini. Mfereji unaopita katikati ya Doca uligeuzwa bustani ndefu kwa ajili ya mkutano. Kituo cha kupampu majitaka ya eneo hilo kilipangwa kujengwa Vila da Barca, na wakazi wakalalamika hadharani kwamba watapokea pampu ya choo cha jirani huku vyoo vyao vikiendelea kudondoka kwenye tope lililo chini ya sakafu. Serikali ikajibu kwamba nao wataunganishwa. Kiufundi hakuna aibu kuweka pampu mahali pa chini, maana ndiko majitaka yanakoshuka. Kosa liko kwenye mpangilio. Mtaa ulio karibu zaidi na pampu, ambao mabomba yake yangekuwa mafupi kuliko yote, uliingizwa kwenye mchoro mwishoni, baada ya kelele.

Huko Vila da Barca mabomba ya maji safi nayo yamekuwa yakipita chini ya vijia vya mbao, mengine yakiwa ndani ya majimaji yaleyale. Maji yakikatika, bomba hubaki tupu na hunyonya kilicho nje kupitia kila ufa. Yakirudi, yanakuja na ulichokunya jana. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu uhusiano huo husahaulika: bomba la maji na bomba la majitaka haviwezi kupangwa na ofisi mbili zisizozungumza.

Athari zake zinafika hadi kwenye chakula cha kila siku. Belém inakula açaí kama pwani yetu inavyokula wali, nzito, pamoja na samaki wa kukaanga au kamba na unga wa muhogo, na sehemu kubwa inasagwa kwenye vibanda vya mitaani. Tunda linafika alfajiri kwa mashua kutoka visiwani, linauzwa kwenye soko la Feira do Açaí pembeni ya Ver-o-Peso, na kufikia saa nne asubuhi lazima liwe limesagwa, kwa sababu halikai. Mdudu anayebeba ugonjwa wa Chagas, unaosababishwa na kimelea na unaoweza kudhuru moyo, akisagwa pamoja na tunda, anayekunywa anaweza kuambukizwa, na ndiyo maana jimbo la Pará liliweka kanuni mwaka 2012. Tunda huchaguliwa na kupepetwa, huoshwa, huloweshwa kwenye maji yenye klorini ya miligramu 150 kwa lita kwa dakika 15, yaani mililita 6 za hipokloriti (dawa ya klorini) ya asilimia 2.5 kwa kila lita ya maji, husuuzwa, kisha hutumbukizwa sekunde 10 kwenye maji ya nyuzijoto 80, hupozwa na ndipo huingia mashine. Hesabu maji yanayohitajika: kuosha, kulowesha, kusuuza, kuchemsha, kupoza, kusagia, kuoshea mashine. Msagaji wa Jurunas mwenye bomba linalotoa maji saa chache kwa siku ataruka hatua mojawapo, na mara nyingi ni ya kusuuza au ya kupoza. Maji yote hayo yenye masalia ya tunda yanamwagwa kwenye mtaro wa mbele. Mkaguzi wa afya anaweza kumfungia kibanda, lakini hawezi kumpa maji wala mahali pa kuyamwaga.

Kuna mji mwingine wa Pará ambao ulitakiwa kuifundisha Belém, nao ni Altamira, kando ya mto Xingu. Bwawa la umeme la Belo Monte, lenye uwezo wa megawati 11,233, lilipewa kibali kwa sharti kwamba mji huo utajengewa mfumo kamili wa majitaka, kwa kuwa vijito vya mjini vingepungukiwa mwendo baada ya mto kuzuiwa. Kampuni ya bwawa ilijenga: mabomba barabarani, vituo vya pampu, mtambo wa kusafishia. Kisha ukazuka ubishi wa miaka kuhusu nani aunganishe nyumba. Kampuni ilisema wajibu wake unaishia barabarani. Manispaa ilisema haina fedha. Wakazi walikuwa na mabomba mapya mbele ya milango na karo lilelile nyuma. Mwaka 2016, bwawa likiwa limeanza kuzalisha umeme, mahakama ya shirikisho iliamuru uendeshaji usimame kwa sababu sharti hilo halijatimizwa, na vita vya rufaa vikafuata. Hakuna aliyekosa fedha za bomba la barabarani. Waliishiwa kwenye zile mita 15.

Kuhusu barabara ya Avenida Liberdade, niseme kwa ufupi. Serikali ya jimbo inadai kwamba ilikuwa kwenye mipango kabla Belém haijachaguliwa kuwa mwenyeji, na hilo ni kweli. Wapinzani wanadai kwamba barabara inayokata hifadhi hualika uvamizi wa ardhi pande zote, na historia ya barabara za Amazon inawaunga mkono. Hatari ninayoiogopa zaidi ni ya karibu. Barabara inapita jirani na Utinga, ambako maziwa ya Bolonha na Água Preta, yanayojazwa kwa pampu kutoka Guamá, huhifadhi maji ya kunywa ya mji. Makazi yaliyozunguka Bolonha tayari yanamwaga majitaka ziwani. Makazi mapya yakifuata barabara bila mabomba, gharama ya kusafisha maji ya kunywa itapanda, na itaingia kwenye bili ya kila mtu. Hapo tena tunarudi chooni.

Hoja dhaifu kuliko zote, ingawa husemwa kwa kujiamini sana, ni kwamba watu wa mabondeni hawataki kuunganishwa, kwamba wamezoea. Ushahidi unaotolewa ni kwamba kwenye mitaa yenye mtandao, nyumba nyingi hazijaunganishwa. Tazama mahesabu ya mwenye nyumba. Kuunganisha kunamaanisha kuvunja vigae vya bafu, koridoni na sebuleni, kulipa fundi, bomba, saruji na chemba. Baada ya hapo bili inaongezeka, kwa sababu tozo ya majitaka katika miji ya Brazil huwekwa kama sehemu ya bili ya maji, na mahali pengine hulingana nayo kabisa, hivyo bili huongezeka maradufu. Faida ya karo lake kuondoka inakwenda kwa jirani wa chini na kwa ghuba. Mtu yeyote mwenye kipato cha kubahatisha angesita. Familia hizohizo zimebeba kifusi kwa mikono miaka thelathini kuinua sakafu zao. Huwezi kuwaita wavivu wa usafi. Nao wanaopendekeza watu wote wa mabondeni wahamishwe hawajajibu swali la kwanza: asilimia 57 ya mji ihamie wapi, na nani atauza samaki, kuendesha basi na kusaga açaí mjini?

Swali sasa limehamia kwenye mkataba. Mwezi Aprili 2025 jimbo la Pará liliuza kwa mnada haki ya kuendesha maji na majitaka kwa miaka 40, na kampuni ya Aegea ikashinda vitalu vitatu kati ya vinne, kikiwemo kile chenye Belém. Wanaopinga wanakumbusha kwamba mwekezaji hufuata bili inayolipika, na bonde lina bili ngumu. Wanaounga mkono wanajibu kwamba shirika la jimbo lilikuwa na miongo mitano na likaacha mji chini ya asilimia 20, na kwamba sheria ya kitaifa ya mwaka 2020 inataka asilimia 90 ya watu wapate huduma ya majitaka ifikapo 2033. Naona pande zote zina ukweli, ila zinabishania nembo iliyo juu ya bili. Jambo la kuangalia ni namna kampuni itakavyohesabu mafanikio. Sheria hiyo inaruhusu mwenye nyumba kutozwa kwa sababu mtandao umefika kwake, hata kabla hajaunganishwa, na inataka apewe muda usiozidi mwaka mmoja kuunganisha. Inaruhusu pia familia maskini ziunganishwe bure, lakini haimlazimishi mtu kuzilipia. Sheria ya mwaka 2024 imewapa kaya za kipato cha chini punguzo la nusu kwenye mita 15 za ujazo za mwanzo za kila mwezi, jambo zuri, ila linahusu bili tu. Vigae vilivyovunjwa havimo. Mdhibiti wa huduma za maji akikubali kuhesabu urefu wa mabomba au nyumba zilizopitiwa, takwimu za Belém zitapanda kwa kasi na mfereji wa Tucunduba utaendelea kunuka vilevile.

Njia ya kufanya tofauti haihitaji kuagizwa nje, kwa sababu ilizaliwa Brazil kwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mjini Natal, wahandisi walianza kulaza mabomba ya milimita 100 nyuma ya nyumba au kwenye njia za miguu, ambako hakuna lori linalopita, hivyo sentimita 40 za udongo juu yake zinatosha. Mteremko wa nusu sentimita kwa mita unakubalika iwapo nyumba nyingi zinachangia bomba moja na maji yanapita mara kwa mara. Brasília ikaufanya mfumo huo kuwa wa kawaida kwa mitaa ya matajiri na ya maskini pia. Ulivuka bahari hadi kwetu: Vingunguti jijini Dar es Salaam na Mukuru jijini Nairobi kuna mitandao ya namna hiyo. Manaus, jirani wa Belém juu ya mto, imefunga mabomba juu ya nguzo za nyumba zenyewe, yakining'inia chini ya sakafu. Penye kasoro panajulikana. Mchanga unaooshwa kwenye vyombo hujaza bomba jembamba, mafuta huganda, jirani mmoja akijenga ukuta juu ya chemba mtaa mzima unaziba, na pasipo makubaliano ya nani anazibua tawi la nyuma, halizibuliwi. Kwa hiyo kila nyumba inahitaji mtego wa mafuta jikoni, chemba ndogo yenye mfuniko unaonyanyulika kwa mkono, na jina la mtu wa kupigiwa simu.

Kwa nyumba kama ile ya Terra Firme, hesabu ya kina inabadilika mara moja. Bomba likielekea nyuma, ambako ardhi haikuinuliwa na lami, zile sentimita 40 za barabara zinatoweka, na choo kinakuwa mita tatu au nne tu kutoka kwenye tawi badala ya 15. Vigae vya sebuleni havivunjwi. Pampu ya mtaa bado inahitajika mwishoni, lakini inakuwa na kina kifupi na maji machache ya ardhini.

Hilo linamaanisha kwamba kabla ya mchoro wowote, mdhibiti wa Pará anapaswa kudai rejesta ya nyumba kwa nyumba yenye kipimo kimoja: sakafu ya choo iko juu au chini kiasi gani ukilinganisha na mahali chemba itakapokaa. Kazi hiyo hufanywa na watu wawili wenye mpira mwembamba uliojazwa maji, ule mafundi wanaoutumia kupimia levo, na daftari. Nyumba zitagawanyika zenyewe: zinazotiririka kwa mteremko, zinazohitaji tawi la nyuma, na zile chache zinazohitaji pampu ndogo au choo kuinuliwa. Kila kundi liandikiwe bei, na kila bei iandikiwe mlipaji, pamoja na fungu la kila mwaka la kuzoa tope na kutengeneza malango. Ifanyike kabla mkandarasi hajachimba mtaro wa kwanza, kwa sababu chemba ikishajengewa juu kuliko sakafu, kuishusha ni kuivunja barabara upya.